Taa ya Arvid Inawaka

Huku kaskazini ya Norwei, jua likishaaga Novemba halina haraka ya kurudi. Wenye akili wanalala. Wasio nazo wanakaa kwenye benchi la dukani, kati ya mashine inayonunua na kumeza chupa tupu na birika la kahawa ya bure. Asubuhi hiyo walikuwa watatu: Hilmar, anayeitwa Barometa kwa sababu ya goti lake linalotabiri theluji na kukosea, Peder, aliyeacha pombe na tangu hapo anaitwa Askofu, na bibi Torbjørg, mwenye ulimi wa kuparua magamba ya samaki. Leo Torbjørg hakutulia. Alikaa, akasimama, akafuta kioo cha dirisha kwa kiganja, akakaa tena. Mwisho wa benchi palikuwa wazi. Pale ni pa Arvid, na Arvid hajaonekana tangu bintiye amtumie ile taa ya tiba, ya watu ambao giza huwakalia kifuani.

— Inawaka? akauliza Askofu.

— Inawaka, akasema Torbjørg. Dirisha la Arvid lilikuwa ng'ambo ya barabara, jeupe kama jino la bandia.

— Basi mzima huyo. Nusu saa kila asubuhi, bintiye alisema. Kama mtoto na mafuta ya samaki.

— Nusu saa ndiyo inamzuia kuja kunywa kahawa?

— Aibu, bibi. Ameungua na taa huyo, mwekundu kama kamba wa kuchemsha. Anaogopa tutamcheka.

— Tutamcheka kweli.

Barometa akanyoosha goti.

— Nyie hamjui kitu. Mwanga hauingilii machoni. Unaingilia nyuma ya magoti. Nimesoma.

— Wapi?

— Kwa kinyozi.

— Kwa hiyo Arvid kaipa taa mgongo, suruali iko chini?

— Sasa unadhani kwa nini hatoki!

— Acheni mchezo, akasema Askofu. Binamu yangu aliwawashia kuku taa majira ya baridi yote. Wakataga, wakataga, hadi wakasahau kulala. Kufika Mei wanatembea kinyumenyume.

— Arvid atataga?

— Sijasema atataga. Atatembea kinyumenyume.

— Na samaki je? Barometa akadakia. Taa ile inatazama bahari. Samaki wote wamehamia kwake. Yumo ndani anavulia dirishani, mchoyo yule!

Torbjørg akasimama tena. Arvid ndiye aliyekuwa akimnyamazisha Barometa. Bila yeye upumbavu ulikuwa unateremka mlima bila breki.

— Kahawa imepoa, akasema. Nyie mlipoa zamani.

Mlango ukafunguka. Akaingia Synne, binti mpya wa posta kutoka kusini, akikung'uta theluji. Akajimiminia kahawa, akasikiliza kidogo, akachungulia nje.

— Mnasema taa ile pale? Huwa anaizima saa ngapi?

— Nini?

— Nikianza kazi alfajiri inawaka. Nikirudi usiku inawaka. Nauliza tu.

Barometa akatazama goti lake. Askofu akatazama kikombe. Kila asubuhi Torbjørg alikuwa akiuona mwanga ule, anajiambia mwenzao yuko sawa, halafu anakunywa kahawa yake kwa raha.

Alitoka bila koti, kikombe bado mkononi. Alivuka barabara akiteleza na kutukana barafu. Aligonga kwa ngumi, kisha kwa kikombe.

— Arvid!

Akasogea dirishani.

— Arvid! Fungua, kabla sijavunja kioo!

Kitu kikaanguka ndani. Kisha nyayo, polepole, kama za mtu anayeitafuta miguu yake.

— Unataka nini? Sauti ilikuwa na kutu.

— Barometa anasema umewaficha samaki wetu.



— Sijaoga, Torbjørg. Hata leo siku gani sijui.

— Sijaja kukunusa. Zima hiyo taa, ufungue mlango.

Dirisha likaingia giza. Kisha komeo likalia.