Bwana Kati-ya Ahamia Ndani ya Ramani Yake

Ifikapo tarehe 30 Juni, Bwana Kati-ya, kama tunavyomwita, atakuwa ameitumikia idara yetu miaka thelathini na mitatu. Tarehe hiyo imetoka ofisi ya utumishi. Angeachiwa aitaje mwenyewe, tungeambiwa anastaafu kati ya Mei na Agosti, itategemea.

Aliajiriwa kuchora ramani kwa kalamu na rula. Kompyuta zilipoingia, wenzake wawili waliomba uhamisho. Yeye aliomba kitabu cha maelekezo. Tangu hapo kazi yake imekuwa kukadiria ardhi ya dunia nzima itatumikaje miaka hamsini ijayo na zaidi: wapi patalimwa, wapi patabaki msitu, wapi mji utameza malisho. Dunia imegawanywa visanduku zaidi ya elfu sitini, na kila kimoja hupigiwa hesabu ya mvua, joto, idadi ya watu na hamu yao ya kula nyama.

Kwa kuwa hakuna ajuaye watu wataamua nini, kila swali hulijibu kwa ramani tano. Mkurugenzi mmoja alimsihi ampe moja tu, ile ya kweli. Akaambiwa ya kweli itatoka mwaka 2080, apitie kuichukua.

Miaka sita iliyopita alinunua shamba la kustaafia, ekari nne za mahindi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza vipuri, hakuuliza kitu. Mtaalamu wa ardhi ya dunia kanunua hapa, yeye ni nani abishe? Akanunua shamba la jirani.

Kisha akaiingizia modeli yake, ile programu ya kompyuta inayopiga hesabu hizo, takwimu mpya za mvua, na kisanduku chenye mashamba hayo kikatoka kahawia kwenye ramani zote tano. Yaani mahindi hayatastahimili. Ndiyo mara pekee tulipomsikia akitamka jambo bila kusema "kati ya".

Mwenye ruhusa ya kuigusa modeli alikuwa yeye peke yake. Tulimnong'oneza, kwa upendo tu, kwamba kisanduku kimoja kikibadilika rangi hakuna atakayelia. Alitutazama kama watu tuliotemea mate chai yake. Ripoti ikatoka, ukurasa wa 41, kahawia vilevile.

Shemeji alifika ofisini na ukurasa huo mfukoni. Mlango ulifungwa, lakini kuta zetu ni za mbao. Alitaka kujua ni mtaalamu gani huyu anayekagua dunia nzima akasahau shamba lake. Swali zuri. Ukweli ni kwamba hakuliangalia kwenye ramani zake. Alipenda utulivu wa mahali na ukaribu wa barabara, kama mnunuzi mwingine yeyote. Kwa miaka miwili shemeji hakukanyaga kwa dada yake. Dada mtu, fundi cherehani, akawa anamtembelea kaka yake peke yake na kurudi amenuna.

Tulidhani mzee atauza. Wanunuzi walikuwepo, na si watu wa kusoma ripoti. Yeye aliwaonyesha ukurasa wa 41, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaisha. Mkewe ndiye aliyefunga mjadala: kama mumewe ameiambia dunia yote ijirekebishe, wao wawili wanaogopa nini?

Msimu uliopita wakapanda mtama na kuchimba makinga maji, mitaro ya kushika mvua shambani. Mvua ikawa haba. Mtama ukasimama; ng'ambo ya ua, mahindi ya shemeji yakajikunja kama karatasi motoni.

Wiki iliyopita shemeji alipiga simu ofisini. Radhi hakuomba, na salamu aliitoa nusu. Aliuliza tu mbegu ile inapatikana wapi. Bwana Kati-ya aliacha chai mezani, akatoka kwenda kununua mfuko wa pili wa mbegu ya mtama, wa shemeji.

Mzee wetu, asante kwa modeli isiyojua kupendelea, hata aliyeitengeneza. Tunakutakia afya, mavuno, na mvua nyingi za kutuaibisha sisi sote tuliochapisha ukurasa wa 41.