Aristea Kalafati na Wapiganaji wa Heronia

Padri Grigoris, wafiwa wote, jamaa na majirani wa Livadia, nanyi mliotoka Athene katika mvua hii, tumesimama mbele ya mwili wa Aristea Kalafati, mama, bibi, dada na mtengenezaji wa filamu, ili tueleze maisha yake kwa kifupi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kueleza jambo lolote kwa kifupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 hapa hapa Livadia, miaka ya njaa na uvamizi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Thomas Kalafatis, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, na marehemu Vasiliki, na kaka yake pekee ndiye Padri Grigoris, aliyeomba kuiongoza ibada hii mwenyewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1949, na kiangazi cha mwaka 1953 shangazi yake, marehemu Evanthia, alimpeleka kwenye sinema ya uwanjani kuona filamu ya kigeni juu ya Wagiriki wa kale, ambamo shujaa alimpakata mwenzake aliyeuawa vitani, akalia mpaka uwanja mzima ukanyamaza, na ndipo Aristea akauliza kwa sauti iliyofika safu ya nyuma kabisa, "Shangazi, mbona huyu analia kama mjane?"

"Kula mbegu zako za maboga," Evanthia akamwambia.

"Lakini aliyekufa si mke wake!"

"Kula mbegu, Aristea, watu wanatutazama!"

Alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1961, akajiunga na Chuo Kikuu cha Athene kusoma fasihi na historia ya kale, na huko alikuta kwamba watu wa zamani wenyewe walikuwa wameandika waziwazi juu ya mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume, wengine kwa sifa, wengine kwa kejeli, na hakuna aliyekuwa amewaambia, "Kuleni mbegu." Alihitimu mwezi Juni 1966, akaajiriwa na studio moja ya Athene kama msomaji wa miswada ya filamu.

Mwezi Septemba 1969 kampuni moja ya kigeni ilikuja kupiga filamu pale Heronia, kwenye simba wa mawe tunayempita sote tukienda mashambani, kuhusu Kikosi Kitakatifu cha Thebe, wale wapiganaji ambao inasimuliwa kwamba walipangwa wawili wawili, kila mtu na mpenzi wake, wakauawa na jeshi la Makedonia na kuzikwa chini ya simba huyo kwa safu, bega kwa bega. Studio yake ilimwazima Aristea kwa kampuni hiyo, akapewa muswada auhakiki, akakuta wahusika wakuu, Eudoros na Filon, wamegeuzwa kuwa binamu, na kila mmoja katafutiwa mchumba mwenye nywele zilizotoka saluni.

Alimfuata mtayarishaji hemani kwake. "Bwana, hawa wachumba wametoka wapi?"

"Watazamaji wanawataka."

"Na hawa wawili wamekuwa binamu lini?"

"Jana mchana," akajibu yule bwana bila kuinua kichwa, "na wewe tangu leo si mfanyakazi wangu."

Alirudi Athene kwa basi, na aliyembebea begi hadi kituoni ni fundi wa sauti wa filamu hiyohiyo, Lefteris Doukas, ambaye alimwambia kwamba yeye hajui lolote juu ya watu wa kale ila sikio lake linajua mtu anayesema uongo. Walifunga ndoa tarehe 2 Mei 1971, wakajaliwa watoto wawili, Myrsini aliyezaliwa mwaka 1973 na Thanasis aliyezaliwa mwaka 1976, na wajukuu watatu. Lefteris alitutangulia mwaka 2011.

Utawala wa kijeshi wa Ugiriki ulipoanguka mwaka 1974, marehemu alifundisha historia ya filamu kwa miaka mingi, na wanafunzi wake mliopo hapa mnakumbuka alivyosimamisha picha katikati na kuwauliza kwa nini malkia wa kale kavaa sidiria, kwa nini mwanamume laini ndiye mwovu kila mara, na kwa nini mashujaa wawili wanaolala hema moja lazima waoneshwe kwanza wakimbusu mwanamke, na hakuwauliza ili awaaibishe waliotengeneza, bali kwa sababu alitaka kweli kujua walichokuwa wakikiogopa.

Mwezi Oktoba 1996 alirudi Heronia kutengeneza filamu yake mwenyewe juu ya Eudoros na Filon, na hapa Padri Grigoris ametuagiza tusifiche kitu, kwa hiyo hatutaficha. Wakati huo yeye ndiye alikuwa padri wa Heronia, na kila Aristea alipopaza sauti "Anza!", kengele za kanisa zililia, asubuhi, mchana na jioni, hata siku zisizo na sikukuu ya mtakatifu yeyote, mpaka Lefteris akavua vidude vyake vya masikioni na kusema, "Shemeji yangu ana mikono yenye nguvu kuliko nilivyodhani." Dada na kaka hawakusalimiana, watu wa kijiji walikataa kuvaa mavazi ya askari, na mwenye shamba akatishia kuwafukuza.

Aristea aliingia mkahawani mchana mmoja, mahali ambapo wanawake hawakuwa na desturi ya kuingia, akavuta kiti, akaagiza kahawa.

"Unatuchafulia mababu," mwenye shamba akamwambia.

"Umewahi kuwauliza?"

"Kuwauliza nini? Wamekufa!"

"Basi sote hatujui," akasema, "na mimi sikuja kuwafundisha. Nimekuja kuuliza waliopigana vita. Mlipokuwa vitani kule Albania mwaka 1940, kwenye theluji, mlitaka nani awe ubavuni kwenu?"

Watu walicheka, mmoja akasema alimtaka mpishi, mwingine akasema alimtaka mtu mnene wa kumkinga upepo, halafu Mzee Sotiris Bakas, aliyeketi kando ya jiko, akasema, "Mimi nilimtaka Nikolas."

Aristea akasogeza kiti chake karibu na jiko.

"Nikolas gani, mzee?" Aristea akauliza.

"Wa Arahova. Nilimbeba mgongoni siku nzima, naye amekwisha kufa, kamanda ananiambia mtue, sikumtua." Akakizungusha kikombe chake. "Usiniulize lile lilikuwa jambo gani, binti. Sikuwa na jina la kuliita. Nilikuwa naye tu."

Kesho yake Mzee Sotiris, akiwa na miaka sabini na saba, alikuja uwanjani akaomba vazi la askari, wazee wengine wakamfuata, mwenye shamba akaleta zeituni na jibini kwa ajili ya wote, na kengele hazikulia. Filamu ilioneshwa kijijini tarehe 23 Agosti 1997, na Padri Grigoris aliitazama akiwa amesimama nyuma, kisha akamwendea dada yake.

"Wale wawili walizikwa pamoja kweli?"

"Hatujui yupi ni yupi, kaka. Walizikwa pamoja wote."

"Basi ningewasomea sala ya maziko pamoja wote," akasema, na usiku huo alikula mezani kwa dada yake.

Katika miaka ya karibuni nyakati zilibadilika, na vijana walimletea miswada ambamo watu wa kale hujitambulisha kama tunavyojitambulisha leo, akaipinga kwa moyo uleule. "Zamani tuliwanyang'anya kitanda," alimwambia mwongozaji mmoja, "sasa ninyi mnawapa kitambulisho. Hamwezi kuwaacha wawe wageni kidogo?"

"Sasa mtazamaji atawaelewaje, Bi Aristea?"

"Si lazima awaelewe. Atamani kuwaelewa."

Marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu mwaka 2016, akalazwa Athene mwanzoni mwa Januari mwaka huu, na kaka yake akawa anasafiri kila wiki kukaa naye. Tarehe 9 Februari 2019, asubuhi, alimwambia kwamba katika maisha yake yote alishughulika na wapenzi wanaume kwa sababu wao waliandikwa, lakini wanawake wa Thebe waliopendana, maana haiwezekani kwamba hawakuwepo, hakuna filamu wala mtu aliyewaulizia.

"Walikuwaje, Grigoris?"

"Sijui," padri akamjibu.

"Hata mimi," akasema, na wauguzi wanashuhudia kwamba aliyasema hayo kwa furaha, kama mtu aliyepewa kazi mpya. Alifariki kabla ya adhuhuri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia maswali yake, majirani waliopika na kukesha nasi, wanafunzi wake, watu wa Heronia, na mafundi wenzake waliolibeba jeneza hili.

Aristea, udongo wa Livadia ukuwie mwepesi. Tulia sasa, hao wanawake tutawaulizia sisi.