Musitari wa Saba wa Papa Darius

Ba Papa, ba Mama, ndugu katika Kristo, miye ni Claudette, mutoto wa kwanza wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na mutanisamehe nikisoma na hasira kidogo, kwani yeye mwenyewe ameenda nayo.

Papa Darius Nzabandora alizaliwa Kibabi tarehe 14 Machi 1961, akasoma primaire pale pale, akapata diplome yake mwaka 1983, akawa agronome, mutaalamu wa kilimo, kule Walikale mupaka 1994, akarudi mulimani kwa sababu, alisema, pori la kule halifai poire, yale matunda ya peasi. Tarehe 6 Agosti 1988 alikuwa amemuoa Mama Anastasie, hapa Kingi, wakabarikiwa watoto watano.

Shamba lake la poire munalijua, mistari saba ya miti. Tangu 2018 alikuwa anapima dawa za kuua vidudu, zaidi tule tududu twekundu twenye kunyonya majani kwa chini: mistari sita kila mumoja na dawa yake, wa saba bila dawa yoyote, wa kulinganishia, ili ajue ni ipi inasaidia kweli, kwani sisi huku tunachanganya zote mu pompe moja ya kupulizia na kumuachia Mungu.

Basi ule wa saba njo ulimuvunja moyo. Mwaka 2019 wanakwaya walihurumia ile miti, wakaja Jumamosi kuipiga dawa, kazi ya upendo, na wimbo juu. Mwaka 2020 jirani yetu Papa Dusabimana akaipiga, akiogopa vidudu vitavuka kwake. Kila mara Papa alichana kurasa za kaye yake, daftari la vipimo, akaanza upya, akatuambia: "Niachieni miti yangu iugue." Tulicheka.

Mwaka 2021 figo zikamushika, akalala hospitali wiki tatu, na miye nikaona haya, miti ya baba mugonjwa inakauka na watu wanapita njiani wanaangalia, nikaipiga dawa. Hakunigombeza. Aliuliza tu ni tarehe gani, akaiandika, akafunga kaye, na hakupata tena nguvu ya kuifungua. Alifariki tarehe 11 Juni 2022, bila kujua dawa gani awaambie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, maagronome wenzake, hata wanakwaya, tunajua mulimupenda. Pompe yake iko kwangu, na kaye pia, mistari sita nitaipiga sawa alivyoandika. Lala na amani, Papa. Wa saba tunauacha uugue.