Ng'ombe Sitini Ndani ya Posgresi

Kwenye bajaji ya kutoka Ilembo nilikaa katikati, mahali pazuri pa kusikia mambo ya watu. Kulia alikuwa mzee Mabula, ambaye ng'ombe wake sitini wamezuiwa mnadani tangu jana mpaka alete uthibitisho wa chanjo. Kushoto alikuwa Dina, karani wa chama cha wafugaji, amechoka hadi sauti.

"Wamo, baba. Wote wamo na chanjo zao kwenye Posgresi, hifadhidata yetu ya kompyuta. Programu ya kuwasoma ndiyo inagoma, na hii ni ya tatu."

"Mlizichaguaje?"

"Mwenyekiti alipenda rangi za programu hizo."

Nikakohoa. Mume wangu wa kwanza nilimchagua hivyohivyo.

"Binti, hata jembe unajaribu kwanza kama mpini unaingia!"

"Ndiyo nimejua leo, baba. Zote zilitengenezwa kwa hifadhidata nyingine."

Bajaji ikasimama sokoni, simu ya Dina ikaita. "Muuzaji wa programu," akasema, "eti ana nyingine, nzuri kupita zote."

Mzee alishakanyaga chini mguu mmoja. "Muulize kama inaongea na hiyo Posgresi. Muulize sasa hivi, nasikiliza. Ng'ombe hawajanywa maji tangu jana."