Kompyuta Iliyofungwa Kanga

Kila jioni Apolonia hurudi Kimara kwa basi na kompyuta ya duka lake la dawa mapajani, kaifunga kanga kama kichanga.

"Shikamoo mama. Mtoto hajambo?" jioni moja akachokoza Isack, abiria wa pembeni.

"Marahaba. Wezi walibeba kompyuta ya kwanza na kumbukumbu zote, nikaanza upya. Hii nalala nayo."

"Si ukodi seva ya kampuni? Kumbukumbu zinakaa kwao, unazifungua kwa mtandao."

"Kwao wapi?"

"Popote, mama."

Apolonia akachanganyikiwa: mali ikae popote, naye apate usingizi? "Nani anailinda?"

"Wapo watu."

"Unawajua?"

"Mie? Hapana."

Basi likasimama Kimara. Isack akanyoosha mikono ampokee mzigo.

"Wewe ninayekuona sikupi!" Apolonia akashuka, akageuka. "Hivi huko popote, basi linafika?"

Mlango ukafungwa.