Twiga wa Nyumba Zote

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi Othman, wewe uliyetoka Nairobi na lori la masanduku, chifu wetu, mchungaji aliyetuazima uwanja wa kanisa, na nyinyi watu wa Kyaani mliokuja kuona kama kutazuka ugomvi: hamjambo.

KARIBU MUTOMO

Kiti ulichokalia ndicho kizuri kuliko vyote tulivyo navyo, kwa hivyo tafadhali usiinuke kabla hatujamaliza. Sisi ni Mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wa Akina Mama wa Kyaani. Kazi yetu tangu zamani ni kukata nyama kwa harusi na matanga. Masanduku yako tumeyaona. Tutayafikia.

TWIGA ALIVYOTUFIKIA

Ukame uliopita, twiga alitoka mbugani kutafuta maji, akafia karibu na bwawa letu. Ofisi yako ya wanyamapori ikamtuma Daktari Najma, binti wa Mwingi, ampasue aone kilichomuua. Alikuja na mashine ya eksirei ya kubeba kwa mkono, na visu vidogo kama vya kukatia kucha. Kavata wetu, ambaye vijana wote humwita Susu, yaani bibi, aliviangalia akamwambia, "Binti yangu, na hivi utamaliza Krismasi gani?" Tukaenda kuleta vyetu.

Najma alituonyesha pa kupita, sisi tukakata. Nyama ilizikwa. Tunasema mbele ya askari wa wanyamapori: ilizikwa. Kama kuna mbwa alinenepa mwezi ule, aulizwe mbwa.

Ilipofika zamu ya shingo, Najma aliipiga eksirei, akamwita Kavata aone picha kwenye kompyuta. Kavata ana shingo mbovu, ya kubeba maji mgongoni miaka yote, ukanda ukimvuta kichwa.

"Hii shingo ina mifupa mingapi?"

"Saba, Susu."

"Na yangu?"

"Saba pia."

Kavata akajishika shingo. "Basi mimi niliibiwa urefu."

Tulicheka mpaka Najma akaweka kisu chini. Halafu yeye akaacha kucheka, akaonyesha mstari mweupe kwenye picha. Ulikuwa waya wa mtego. Ulizama shingoni zamani, ngozi ikaufunika, na mfupa ukachimbika mfereji. Mnyama alitembea nao miaka, kila jani akilimeza kwa shida, mpaka akashindwa. Waya ulipotolewa, Kavata aliuosha, akaunyoosha kwa vidole. Ulikuwa wa kufungia boma, ule wa duka la hapa hapa. Akasema polepole, "Huu ni wa kwetu."

KOSA LETU

Tunalisema wenyewe kabla hujalisema wewe. Najma aliomba mifupa isafishwe, ikauke. Tukafanya kama tunavyofanya kila sherehe: aliyekata haendi nyumbani mikono mitupu. Kila mama akabeba fungu lake. Kesho yake Najma alikuta turubai tupu, akakaa juu ya mtungi wa plastiki.

"Susu, twiga wangu ameenda wapi?"

"Ameenda nyumbani," Kavata akamwambia. "Ameenda nyumba zote."

Najma alipita nyumba kwa nyumba akikaribia kulia. Kwa mmoja akakuta mfupa umefukiwa kwa njia ya siafu, umeliwa ukawa safi kama sahani. Kwa mwingine unachemka kwa sufuria ya matanga. Kwa Kavata ule wa shingo wenye mfereji ulikuwa mezani, umelazwa juu ya kitambaa. Machozi yakarudi yalikotoka. Akaandika nambari kwenye kila mfupa, na hakumnyang'anya mtu.

TULIYOFANYA

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kila nyumba inaleta mfupa wake. Watoto wa shule wanampanga twiga hapa uwanjani, kutoka mlango wa kanisa mpaka karibu na choo. Wanajua goti liko wapi na kwato ziko wapi kuliko wanavyojua kufagia. Kavata anakaa upande wa shingo na ule mfupa wake. Kijana akipita, anamwita. "Kuja hapa. Weka kidole kwa huo mfereji. Ingiza kabisa. Umesikia?" Haulizi kitu kingine.

Basi waya zikaanza kuonekana uani kwake, na hakuna mtu aliyeonekana akizileta. Siku hizi anaanika nguo kwa waya za mitego tupu, na anasema waya zimetosha, sasa zimebaki nguo.

YANAYOTUKERA

Picha za eksirei zilienda Nairobi, hatujaziona tena. Najma mlimhamisha. Na wiki iliyopita afisa wako alikuja kutuambia mifupa ni mali ya serikali, itawekwa kwa kabati ya kioo, kwa sababu sisi hatujui kutunza. Alisema hayo mbele ya Kavata! Kavata akamuuliza, "Na kwa hiyo kabati, nani ataingiza kidole?" Afisa akapanda gari lake. Tunakuuliza wewe, kwa kuwa umekaa vizuri. Wanaotega mitego wako huku. Nairobi mtamwonyesha nani?

TUNACHOTAKA

Tunataka picha zirudi, tuzitundike kanisani. Tunataka Najma arudi. Visu vyake tutavumilia. Mifupa haiendi. Chifu ametusomea sheria mara mbili, na mara zote tulimshukuru. Ukitaka kutushtaki, tushtaki sote, na korti itafute viti.

Sasa tunaomba dereva wako alifunue hilo turubai lililo mbele yako.

Usikasirike kwa kulikuta tupu, Bwana Mkurugenzi. Ameenda nyumbani. Kama masanduku lazima yajae, pita nyumba kwa nyumba kama Najma. Kila nyumba utapewa chai. Anza kwa Kavata, na uiname ukipita chini ya zile waya, usije ukaumia shingo. Utakuta mfupa mezani. Hakuna atakayekuzuia. Lakini weka kidole kwanza, uingize kabisa, halafu ututazame, utuambie kama bado unataka kuubeba.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akupe shingo isiyouma, na lori lako lifike Nairobi salama, likiwa jepesi.

Ni sisi,
Mwethya wa Akina Mama wa Kyaani, Mutomo.