Mlango Uliorukwa

Nje ya kibanda cha kinyozi kulikuwa na benchi refu la mbao, ambalo Sponji mwenyewe alilivalisha godoro jembamba na ngozi ya bandia ili wenzake wasiumie wakikaa. Kila jioni, kazi zikishalegea, walikutana pale watu walewale. Sponji, fundi makochi, alikuwa na chembe za sponji nyweleni hata siku ya mapumziko. Wakili hakuwa wakili bali tarishi mstaafu wa mahakama, aliyebeba mafaili ya kesi za watu mpaka akaamini kesi zile zilikuwa zake. Redio ndiye kinyozi mwenye kibanda, na jina hilo alipewa kwa sababu akishaanza kusema hana pa kuzimia. Mama Vikombe aliketi pembeni na birika lake la kahawa juu ya jiko la mkaa, akiuza na kusikiliza. Jioni hiyo Sponji alifika amenuna, akapokea kikombe bila kushukuru, akakaa nacho mpaka mvuke ukaisha.

— Mbona sura kama umemeza gundi? akauliza Redio.

— Wamenipita, akasema Sponji.

— Nani?

— Wale wa michango. Wa vizibao vya kijani.

Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Wiki nzima mtaa ulikuwa unapitiwa nyumba kwa nyumba na watu wa kizibao cha kijani, kitambulisho shingoni, kopo la bati lenye kufuli mkononi, wakichangisha kwa ajili ya wagonjwa wasiojiweza. Walikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyowapa watu tabu. Mkorofi unamfukuza ukarudi kulala. Mtu anayekuamkia, akakuulizia watoto na kukutakia siku njema hata kabla hujatoa kitu, unamfanya nini?

— Sasa si ungeshukuru? Redio akasema. Mimi walinifuata hapa dukani, nikafungulia taarifa ya habari kwa sauti ya juu, nikawa nawaonyesha masikio kwamba sisikii. Wakasubiri mpaka habari ikaisha. Mpaka na michezo.

— Mimi niliwaomba mamlaka, akasema Wakili. Nikawaambia, mnachangisha kwa kifungu gani?

— Wakakujibuje?

— Walinionyesha barua. Nikawaambia miwani yangu iko kwa fundi. Wakajitolea kunisomea.

— Wakakusomea?

— Yote. Mpaka muhuri. Ikabidi nitoe.

Mama Vikombe akacheka polepole, akachochea makaa. Yeye alikuwa anatoa kila wanapopita, na wala hakuwa na hadithi ya kusimulia.

Sponji hakucheka. Jana yake, alipowasikia wakigonga kwa jirani, alikuwa tayari. Siku nzima, huku akipigilia misumari kwenye kochi la watu, alikuwa ameyapanga maneno ya kukataa kiungwana: kwamba moyo anao, ila mambo kidogo yamembana, na wapite tena mwezi ujao. Alisimama nyuma ya mlango, koo limeshasafishwa. Akasikia viatu vikija, vikasimama. Halafu vikaondoka. Akafikiri wamekosea. Akafungua mlango, akatoka kizingitini, akakohoa. Wakamwamkia vizuri, wakapita. Wakaenda kugonga kwenye nyumba iliyohamwa, ambayo hata paa lilishang'olewa.

— Nyumba isiyo na paa? Wakili akauliza.

— Isiyo na paa. Wakagonga, wakasubiri. Kwangu mimi, mtu mzima nimesimama pale na shati, hapana.

— Mkeo amesemaje?

— Amesema nimshukuru Mungu, nikale. Nimekula. Lakini nimeamka nalo, nimeshinda nalo. Kwa nini mimi?

Wakili akaweka kikombe chini kama mtu anayefungua kesi.

— Mlango wako una namba?

— Ilidondoka kipindi cha mvua.

— Basi. Nyumba isiyo na namba kisheria haipo. Na kama nyumba haipo, aliye ndani naye anaishi wapi? Hapa tu tunakaa nawe kwa hisani.

— Acha sheria, Redio akadakia, akichungulia kutoka ndani na wembe mkononi, ingawa kiti chake hakikuwa na mteja. Hawa watu wana jicho. Wanaangalia mlango, wanaangalia viatu vilivyo nje, wanaangalia pazia. Lako limechanika, kaka. Wamekuonea huruma. Wewe huchangi kwa sababu uko upande wa pili.

— Upande upi?

— Wa kuchangiwa.

Neno hilo lilimchoma Sponji. Alikuwa fundi, nusu ya sebule za mtaa ule zilikalia kazi ya mikono yake. Pazia ni pazia tu, mke wake alikuwa ameshanunua kitambaa kingine.

— Si hivyo, akasema Wakili. Kama ni kuchangiwa angepelekewa kitu. Umepelekewa kitu?

— Sijapelekewa hata salamu. Na si hilo tu. Asubuhi jirani yangu, yule mama wa mashine ya kusaga, kanipita kama nguzo. Nikamfuata. Nikamuuliza, shemeji, kuna ubaya? Akaniambia, sisi sote tumetoa, wewe mlango wako hauguswi. Watu wako wasalimie.

Wote wakamgeukia. Hilo lilikuwa jipya.

— Anafikiri wewe ndiye bosi wao, akasema Redio taratibu.

— Bosi wa nani?

— Wa vizibao. Na ukilitazama vizuri, lina maana. Mwenye kampuni hachangishwi na wafanyakazi wake. Na wewe una cherehani nzito. Vile vizibao vimeshonwa na nani?

— Mimi nashona makochi.

— Kizibao ni kochi lisilo na miguu.

— Redio, nimeshalala na hili jambo, usinizidishie.

— Sijakuhukumu. Nasema mtaa utasema. Kesho kutwa utaona mtu analeta mgonjwa wake mlangoni kwako na mkeka.

Sponji akatazama kikombe chake. Alikuja pale apunguziwe mzigo, na sasa alikuwa nao miwili: hakujua kwa nini alirukwa, na hakujua mtaa mzima ulikuwa unamwona nani. Akajaribu kukumbuka kama aliwahi kuwakosea adabu watu wale. Hakukumbuka. Akajaribu kukumbuka kama mmoja wao aliwahi kumletea kochi likakaa sana karakanani. Hakukumbuka pia.

— Kuna jambo jingine, akasema Redio, na sauti yake ikashuka, dalili kwamba linalokuja ni zito au halina miguu kabisa. Walikuamkia, sivyo?

— Waliniamkia.

— Mikono mlipeana?

— Hapana.

— Wewe jana uligusana na mtu yeyote?

— Unataka kusema nini?

— Nauliza tu. Zipo habari za mtu anakufa na yeye mwenyewe hana taarifa. Anaendelea na kazi zake. Watu wanamwona, wanampita.

— Kahawa kanilipa, akasema Mama Vikombe. Mwacheni mwenzenu anywe.

Sponji hakutaka kuonekana, lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kifundo cha mkono mwingine, ukitafuta mapigo.

Hapo ndipo dada mmoja wa kizibao cha kijani alipokata kona na kuja moja kwa moja kwenye benchi. Alikuwa peke yake, viatu vimejaa vumbi, kopo amelipakata kama mtoto. Redio akatoweka ndani na taarifa ya habari ikaanza kunguruma. Wakili akaanza kupapasa mifuko yake akitafuta miwani ambayo ilikuwa usoni pake.

— Shikamooni, akasema yule dada.

— Marahaba, wakaitikia.

— Poleni na kazi. Tunawachangia wagonjwa wa hapahapa mtaani.

Mama Vikombe akatumbukiza chake kama kawaida. Wakili akasita, akakumbuka barua ya juzi, akatumbukiza pia kabla hajasomewa. Kopo likasogea mbele ya kinyozi, ambaye alinyoosha mkono dirishani bila kujionyesha. Halafu dada akamtazama Sponji, akainamisha kichwa kwa heshima, akageuka kuondoka.

— Dada, akasema Sponji. Na mimi?

Dada akasimama. Akatazama chini.

— Wewe si baba wa mlango wa kona? Wenye kitasa cha shaba?

— Ndiye mimi.

— Basi, baba, wewe tumeambiwa tusikusumbue.

Taarifa ya habari ikazimwa ndani. Kinyozi akatokeza.

— Na nani? Sponji akauliza.

— Kila mgonjwa tunayemchangia tunamuuliza kama kuna mlango asiotaka tuugonge. Wengine wanaona haya, wengine wametofautiana na watu. Ni kawaida tu. Huyu wa sasa alitaja mmoja, wako.

— Mgonjwa gani?

— Yuko mtaa wa nyuma ya ghala. Mtu mzima. Macho yake yanazimika. Daktari anasema akipasuliwa mapema, jicho moja litabaki. Zamani alikuwa fundi makochi, kama sikosei.

Hakukosea. Mtaa wa nyuma ya ghala ulikuwa na fundi makochi mmoja tu tangu Sponji azaliwe, na ndiye aliyemfundisha kushika sindano ya kushonea ngozi: kaka yake, mtoto wa kwanza wa mama yake. Wote pale benchini walilijua hilo, na wote walijua kwa nini halitajwi. Mama yao alipofariki, Sponji alikuwa safarini kupeleka viti vya watu, mvua ikakata barabara. Kaka yake hakumngoja. Sponji alifika akakuta udongo bado mbichi, watu wanakusanya majembe, na mbele ya wote akasema kwamba siku ile amefiwa na wawili. Wakili ndiye aliyemshika mkono akamtoa pale. Tangu hapo ghala lilikuwa kama mto: Sponji akiwa na kazi upande ule, anamtuma mtu.

— Alisemaje hasa? akauliza. Maneno yenyewe.

Dada akafikiri.

— Alisema, ule mlango wa kona, wa kitasa cha shaba, upiteni. Msimsumbue.

— Msimsumbue?

— Ndiyo, baba.

— Hiyo ni dharau, akasema Redio. Anamaanisha kwako hakuna cha maana.

— Dharau gani? Mama Vikombe akasema, na hii ilikuwa mara ya kwanza jioni ile kukaza sauti. Mtu anapofuka, bado anafikiria asimpe mdogo wake mzigo. Hiyo ni huruma.

— Inategemea mkazo, akasema Wakili. Dada, mkazo aliutia wapi? Kwenye "upiteni" au kwenye "msimsumbue"?

— Sikumbuki, mzee. Alisema kama mtu anavyosema.

— Uso wake je? Sponji akauliza. Alikuwa kakasirika?

— Alikuwa amefumba macho. Mwanga unamuumiza.

Sponji alijaribu kuuona uso ule umefumba macho, akashindwa kuusoma. Alikuwa na maneno mawili tu mkononi, na kila alipoyageuza yalikuwa na sura nyingine. Kuna wakati yalikuwa mlango uliofungwa kwa ndani. Kuna wakati yalikuwa kaka yake wa zamani, akimfunika shuka asubuhi na kuwaambia wengine watembee kwa vidole, mdogo wenu amelala. Hakujua lipi ni lipi. Na jambo la kusikitisha ni kwamba zamani angejua, angejua kwa namna tu alivyovuta pumzi.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kilichokuwamo bila kukitazama, akakisokomeza kwenye kopo. Noti zilikunjika zikakwama kwenye tundu. Dada akazisukuma kwa ukucha mpaka zikaingia.

— Ahsante sana, baba. Nikipita kwake jioni hupenda kuniuliza nani katoa. Hawaoni, kwa hiyo anataka kuwasikia. Maneno yale ya mtu anatoa halafu anajificha, hayapendi.

— Sawa, akasema Sponji.

— Sasa nikuseme vipi? Wewe ni nani wake?

Dada aliuliza kwa nia njema kabisa, kama mtu anavyouliza njia. Sponji akafungua kinywa. Neno lenyewe lilikuwa fupi, alikuwa amelisema mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe, lakini alikuwa amelitupa makaburini mbele ya watu, na hakujua kama bado ana haki nalo. Akamtazama Wakili. Wakili, ambaye hakuna swali lililowahi kumkosesha kifungu, akawa anafuta miwani kwa ncha ya shati. Akamtazama Redio. Redio alikuwa anakunja wembe, anaukunjua, anaukunja. Mama Vikombe akainua birika, akaliinamisha juu ya kikombe, likatoa tone moja na mashapo. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Dada akasubiri, hana haraka.

— Ndugu, Wakili akaanza, lakini haikueleweka kama alikuwa anajibu au anamwita mtu, na hakuendelea.

Sponji akasimama. 

— Sijui, dada, akasema. Nisikudanganye. Utapita kwake saa hizi?

— Ndiyo, namalizia huko.

— Twende, basi. Ukamuulize yeye.